Wimbo wa Dunia Mbele ya Sikio la Muumini

Katika makanisa mengi ya Kongo nyimbo hugawanywa mafungu mawili: nyimbo za Mungu na nyimbo za dunia. Mgawanyo huo husemwa kwa wepesi, kana kwamba ulichongwa juu ya mbao za mawe pamoja na zile amri kumi. Mtu aliyeokoka huulizwa kama ameacha pombe, kama ameacha uasherati, na kama ameacha muziki. Wako waliozichukua sahani zao za santuri na kanda zao wakazitia moto mbele ya wenzao wa kikundi cha sala, huku wakishangiliwa kwa mapambio.

Jambo hili lingeweza kuachiwa mapadre na wachungaji kama lisingeigusa kazi ya wale wanaosoma na kufundisha Kiswahili. Lakini linaigusa. Sehemu kubwa ya fasihi ya Kiswahili iliyotungwa Katanga katika karne ya 20 haikuandikwa vitabuni. Iliimbwa kwa gitaa, mjini Elisabethville na Jadotville, miji ambayo leo ni Lubumbashi na Likasi, na watu waliotoka vijijini kuifuata kazi ya shaba. Mwanafunzi anayekataa kuzisikiliza nyimbo hizo kwa sababu ya imani yake anaiacha nje ya mlango maktaba nzima ya lugha ile ile anayoitafutia shahada. Hoja basi si kama Mkristo ana ruhusa ya kucheza rumba. Hoja ni kama anaweza kuuhukumu wimbo asioujua, na hukumu hiyo ikastahili bado kuitwa ya Kikristo.

Kisa cha wimbo Marie-Louise chafaa kutangulizwa. Mwaka 1948 Wendo Kolosoy, aliyewahi kuwa fundi wa mashine katika meli za mto Kongo, aliuimba wimbo huo mjini Léopoldville pamoja na mpiga gitaa Henri Bowane, nao ukatolewa na kampuni ya santuri ya Ngoma. Ni wimbo wa mapenzi unaomtaja msichana kwa jina lake. Watu waliupenda kupita kiasi. Kisha uvumi ukaenea kwamba ukipigwa usiku wa manane huamsha wafu, na viongozi wa Kikatoliki wa wakati ule wakamchukia mwimbaji. Yeyote anaweza leo kuisikiliza sahani hiyo tangu mwanzo hata mwisho, akipatafuta mahali wafu wanapoitwa, asipaone. Kilichohukumiwa hakikuwa wimbo. Yalikuwa maneno ya watu juu ya wimbo.

Wahubiri wanaoushambulia muziki wa dunia huitegemea zaidi ile amri inayokataza uzinzi. Ni mara chache wanapoikumbuka amri nyingine iliyo karibu nayo sana, inayokataza kumshuhudia jirani uongo. Mtunzi naye ni jirani. Kudai kwamba wimbo wake unasema neno ambalo haukulisema ni kumshuhudia uongo, hata kama anayedai ameishika Biblia mkononi. Na tofauti na mashahidi wa mahakamani, shahidi wa namna hii haulizwi na mtu swali lolote, kwa kuwa wanaomsikiliza wameapa pia kutousikia wimbo unaoshtakiwa.

Maandiko yenyewe hayaungi mkono ujinga huo. Mtume Paulo, aliposimama Areopago mjini Athene, alitumia katika hotuba yake maneno ya washairi wa Kiyunani. Mmoja wao, Aratos, alikuwa amelitunga shairi lake akimsifu Zeu, mungu wa mataifa. Ili kuyatumia maneno yake, Paulo alilazimika kwanza kuyajua, na kwa kuyajua hakuwa ameiabudu sanamu. Ndani ya Agano la Kale kimewekwa kitabu kizima cha nyimbo za mapenzi, Wimbo Ulio Bora, ambamo mwili wa mwanamke na wa mwanamume husifiwa kiungo kwa kiungo, na jina la Mungu ni shida kulipata. Walimu wa Kanisa wameufasiri kwa njia ya mfano, nao walikuwa na haki. Lakini kabla ya mfano kuwa mfano, yalikuwako maneno ya wapendanao, na maneno hayo hayakufutwa.

Mwafrika wa kale, Agostino wa Hippo, alilichungua jambo hili kwa uaminifu kuliko wengi waliomfuata. Katika mafundisho yake juu ya kusoma Maandiko aliwaonya Wakristo wasiukimbie muziki kwa sababu tu wapagani walikuwa na ushirikina wao juu yake. Ukweli, popote unapopatikana, ni wa Bwana. Ila katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake anayumbayumba. Anakiri kwamba mara nyingine sauti humgusa kuliko kile kinachoimbwa, na kwamba hapo hujiona ametenda dhambi. Wanaopenda kumtaja kama adui wa muziki husahau kitu kimoja: nyimbo alizokuwa akiziogopa hapo zilikuwa zaburi. Hofu yake haikuwa juu ya baa, ilikuwa juu ya kanisa. Kwa maneno mengine, kishawishi cha kuipenda sauti na kuiacha maana hakizuiliwi na ukuta wa hekalu, na anayeimba jina la Yesu juu ya sebene ya kasi hadi jasho limtoke anayo sababu ile ile ya kujichungua kama yule anayecheza sebene hiyo hiyo kwenye arusi. Kwa hakika sebene ni ile ile. Waimbaji kadhaa waliojulikana katika bendi za Kinshasa walihamia nyimbo za dini pamoja na magitaa yao na ujuzi wao wote, na makanisa yakawapokea kwa furaha. Vidole havikubatizwa upya.

Kwa msomaji wa Katanga mfano ulio karibu zaidi ni Jean-Bosco Mwenda. Alizaliwa mwaka 1930 na akafa katika ajali ya gari mwaka 1990. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika ya kati na ya kusini akirekodi muziki, alimkuta Jadotville na kuzinasa nyimbo zake. Mmoja wao, Masanga, ukasafiri mbali kuliko wimbo wowote wa Kiswahili cha Katanga. Upigaji wake, wa vidole viwili tu vya mkono wa kulia vinavyozipeleka sauti kadhaa kwa pamoja, ulimfanya David Rycroft aufuatilie nota kwa nota katika uchunguzi alioutoa mwaka 1961 na 1962. Mwaka 1969 Mwenda alipiga gitaa mbele ya Wamarekani kwenye tamasha la Newport.

Jina lake lastahili kutazamwa. Jean-Bosco ni jina la ubatizo. Ni jina la mtakatifu aliyeanzisha shirika la Wasalesiani, wamisionari waliofanya kazi Katanga tangu mwaka 1911. Mwimbaji wa nyimbo za dunia alibeba hivyo jina la mtakatifu kwenye kila sahani yake, na hakuonekana kuona mgongano wowote. Wala si Kanisa lililomvua jina hilo. Ni serikali ya Mobutu, ilipoamuru mwaka 1972 kwamba majina ya Kikristo yaachwe, ndipo akajulikana kama Mwenda wa Bayeke, kwa jina la watu wake wa Bunkeya. Anayetaka kujua wapi dunia inaishia na wapi Kanisa linaanzia katika maisha ya mtu kama huyu atapata taabu kubwa kuuchora mpaka.

Na nyimbo zenyewe, zake na za wenzake kama Losta Abelo na Édouard Masengo, aliyejulikana pamoja na kundi la JECOKE la mtaa wa Kenya mjini Lubumbashi (si nchi ya Kenya, ingawa huko nako Masengo alipendwa sana), zinasema nini? Zinasema juu ya mke na mume, juu ya fedha iliyokwisha kabla ya mwezi kwisha, juu ya mama na mtoto, juu ya safari na kifo cha ugenini. Zinawasalimu watu kwa majina. Zina mzaha, na mzaha huo mara nyingine ni mkali. Mwenye kuzisikiliza kwa haki ataona kwamba Kiswahili chake ni cha mtaani, chenye sarufi ambayo mwalimu wa shule angeisahihisha kwa kalamu nyekundu, lakini kimepimwa juu ya nyuzi za gitaa hata neno lisiweze kuongezwa wala kupunguzwa. Kukataa kukisikia kwa ajili ya utakatifu, na kukataa kukisikia kwa ajili ya usanifu, ni dharau mbili ambazo hukutana mara nyingi ndani ya mtu mmoja.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1950, huko Ruwe karibu na Kolwezi, padre Placide Tempels, Mfransisko aliyekuwa ameandika La philosophie bantoue mwaka 1945, alikuwa akiwakusanya wafanyakazi wa mgodi na wake zao katika kile kilichokuja kuitwa Jamaa. Mafundisho yao yalitolewa kwa Kiswahili cha Katanga, nayo yalisimama juu ya maneno matatu: uzima, uzazi na mapendo. Johannes Fabian, aliyefundisha Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliitazama Jamaa pamoja na nyimbo za mjini na picha za wachoraji wa Shaba kama matunda ya utamaduni mmoja wa watu. Uchunguzi huo, uliotoka mwaka 1978, bado haujapata wasomaji unaowastahili miongoni mwa Wakristo wa chuo kikuu. Maana unaonyesha kwamba yule mchimbaji aliyeongea na padre jioni juu ya mapendo kati ya mume na mke ndiye aliyesikia Jumamosi gitaa likiongea juu ya jambo lile lile. Alilipokea kwa lugha moja. Wimbo ulimpa maswali aliyokwenda nayo kwenye mafundisho. Pengine mafundisho yalimpa sikio la kuuelewa wimbo. Waliokuja baadaye na kuyatenganisha mambo hayo mawili kwa shoka hawakuwa waumini kuliko watu wa Jamaa.

Kamina yatoa ushahidi mwingine, na huu ni wa sauti kuliko wa maneno. Huko padre Guido Haazen, naye Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliunda kwaya ya wavulana wapatao 45 na walimu wapatao 15, iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Mwaka 1958 kwaya hiyo iliimba Missa Luba, kisha ikazunguka Ulaya. Maneno ni Kilatini cha misa, lakini sauti zilitoka nje ya kanisa. Sanctus imejengwa juu ya wimbo wa kuagana. Hosana inafuata mwendo wa ngoma ya Kasai. Na mtindo wa kasala, tungo ya Kiluba ya kuwasifu na kuwaombolezea watu, unasikika humo. Nyingi ya sauti hizo hazikuandikwa kwanza. Waimbaji walizitunga pamoja wakiwa wanaimba, kama ifanywavyo kijijini. Ikumbukwe kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa maagizo yake juu ya kuiheshimu miziki ya mataifa ya misioni mwaka 1963, yaani miaka 5 baada ya Kamina, na kwamba misale ya Kiroma kwa majimbo ya Zaire ilikubaliwa na Roma mwaka 1988, miaka 30 baadaye. Wavulana waliitangulia sheria.

Hapa yafaa kusimama kidogo, maana Sanctus ile ina maisha ya ajabu. Ilikuwa wimbo wa dunia, wa watu wanaoagana. Ikawa wimbo wa altare. Kisha mwaka 1968 mwongozaji sinema wa Uingereza, Lindsay Anderson, akaitia ndani ya filamu yake if...., ambayo ni hadithi ya wanafunzi wanaoasi shule yao. Vijana wa Ulaya wakaijua kama sauti ya uasi. Je, leo ni wimbo wa Mungu au wa dunia? Wenye kugawanya wajibu. Mpangilio wa sauti haukubadilika. Kilichobadilika ni maneno, mahali, na nia ya mwenye kusikiliza. Na hayo matatu ndiyo ambayo uhakiki unapaswa kuyachungua, moja moja, kwa kila wimbo, badala ya kuuliza tu jina la kampuni iliyoutoa au la mchungaji aliyeubariki.

Isidhaniwe kwamba uhakiki wa namna hii utaruhusu kila kitu. Kinyume chake, utakuwa mkali, lakini ukali wake utaangukia mahali pengine. Mwaka 1978 Franco Luambo alifungwa gerezani kwa sababu ya nyimbo mbili, Hélène na Jacky, zilizohesabiwa kuwa za matusi. Muumini anayezikataa nyimbo hizo hana haja ya kuomba radhi; ziko tungo zinazomdhalilisha binadamu kwa makusudi, na gitaa zuri halizisafishi. Lakini mwaka 1984, mwaka wa uchaguzi uliokuwa na mgombea mmoja tu, Franco huyo huyo aliimba Candidat Na Biso Mobutu. Kwa wimbo huo hakufungwa, na wahubiri hawakuukemea kwa nguvu waliyoitumia dhidi ya nyonga za wachezaji. Ni wimbo upi kati ya hizo uliowadhuru watu zaidi? Sikio linalostuka kwa neno la chumbani na kutulia kwa sifa anazopewa mtawala halijafunzwa na manabii. Amosi aliwaambia Waisraeli kwamba Mungu amechoka na kelele za nyimbo zao, na nyimbo hizo zilikuwa za ibada. Kilichomchukiza ni haki iliyokosekana malangoni.

Kipimo hicho kingefaa pia kwa desturi ya mabanga, yaani kutaja majina ya matajiri ndani ya wimbo kwa malipo, ambayo ilienea sana katika bendi za Kinshasa tangu miaka ya 1990, hata nyimbo fulani zikageuka orodha ya wafadhili. Hapo pana dosari ya sanaa na dosari ya roho kwa pamoja: wimbo unakatika pumzi ili tajiri asikie jina lake, naye asiye na fedha hatajwi kamwe. Mwenda na wenzake waliwasalimu watu kwa majina, lakini kwa ujirani. Tofauti hii haionekani kwa asiyesikiliza. Tena ni ya kusikitisha kwamba hata katika kanda za dini yamesikika majina ya wafadhili na ya wachungaji yakiimbwa kwa unyenyekevu ambao Maandiko yanauweka kwa ajili ya mwingine.

Na kwa kuwa Franco ametajwa, haki yadai pia ukurasa wake mwingine. Mario, wa mwaka 1985, unamweleza kijana mwenye shahada anayelishwa na kuvikwa na mwanamke mwenye mali aliyemzidi umri. Wimbo hauhubiri. Unamwacha mwanamke alalamike, unamwacha kijana ajulikane kwa mwenendo wake, na msikilizaji anajikuta ameshatoa hukumu kabla hajaombwa. Ndivyo nabii Nathani alivyomnasa Daudi kwa hadithi ya mwana-kondoo. Miaka miwili baadaye, katika Attention na SIDA, Franco aliwaonya watu waziwazi juu ya ugonjwa ambao wakati huo viongozi wengi wa dini waliutaja kwa kunong'ona, kama walithubutu kuutaja. Kuziweka nyimbo hizi zote, za 1978, 1984, 1985 na 1987, ndani ya gunia moja liitwalo dunia, na kulifunga kamba, si msimamo mkali, ni uvivu.

Pamebaki pingamizi moja lenye uzito. Wimbo hausikiwi na masikio matupu. Yuko mtu aliyeiharibu nyumba yake katika baa ambamo nyimbo hizi zilipigwa usiku kucha. Akisikia mapigo manne ya kwanza ya gitaa, ulimi wake hukumbuka chupa. Kwa huyo kuuzima muziki ni busara, na ndugu aliye karibu naye atauzima bila kuambiwa, kama Paulo alivyowashauri Wakorintho juu ya nyama ya sanamu: kwa mwenye dhamiri dhaifu, mwenye nguvu hujinyima. Lakini Paulo hakusema kwamba nyama ilikuwa na sumu. Hakuwakataza Wakorintho wote wasile, wala hakuwaamuru wachinjaji waifunge mabucha. Udhaifu wa mmoja ni sababu ya upendo. Hauwezi kuwa hukumu juu ya kazi ya mtunzi, wala kanuni ya kitivo cha fasihi. Mwalimu anayempa mwanafunzi wa namna hii nyimbo za kuchambua atamwuliza kwanza, kisha atampa kazi nyingine ikihitajika. Huo ni utu wa kawaida.

Mwezi Desemba 2021 shirika la UNESCO liliiandika rumba ya Kongo, kwa ombi la nchi zote mbili zenye jina hilo, katika orodha ya urithi wa binadamu. Sherehe zilifanywa, na zilistahili. Lakini orodha haikusanyi maneno ya nyimbo, na mkazo uliwekwa kwenye miji mikuu miwili ya mto na lugha ya Lingala. Nyimbo za gitaa za Katanga, zilizotungwa kwa Kiswahili, hazina mkusanyaji zaidi ya wale watakaojitolea vyuoni. Rycroft aliandika nota za gitaa la Mwenda; maneno ya nyimbo nyingi za wakati ule, pamoja na majina yaliyosalimiwa humo na mizaha ambayo mtaa mmoja tu uliielewa, yamo vichwani mwa wazee wa Likasi, Kolwezi na Lubumbashi. Wengi wa wazee hao wameokoka, nao huketi viti vya mbele kanisani. Mwanafunzi akiwafikia na daftari lake, yako mambo ambayo watayakumbuka upesi, tena watayaimba kwa sauti ya chini, baada ya kuangalia kwanza kama mlango umefungwa.